Chumba cha Vioo cha Geoffrey Sugden

Geoffrey Sugden alijenga chumba cha vioo nyuma ya nyumba yake mwaka 1994, kwa mikono yake mwenyewe, Jumamosi kumi na moja mfululizo. Vioo alivinunua kwenye duka moja la Bradford lililokuwa linafungwa, akavileta kwa safari nne kwa gari la kuazima. Hakuwa fundi wa nyumba. Alikuwa fundi wa mabasi katika karakana ya mji wetu, miaka thelathini na minane, na chumba kile alikiunga kama mtu anayeunga injini. Kila skrubu aliipaka grisi kwanza. Kila fremu aliiandika namba kwa penseli mahali pasipoonekana. Sisi tuliokuja kukibomoa tulizikuta namba zile, bado zinasomeka.

Kilikuwa chumba cha mkewe, Avril. Julai kilikuwa tanuri na Januari kilikuwa jokofu, lakini Avril hakujali. Julai alifungua milango akakaa humo na miche yake ya nyanya. Januari alivaa koti akakaa humo na gazeti. Upande mmoja tu haukuwa wa kioo. Upande wa jirani yao, Pauline Illingworth, Geoffrey aliujenga kwa matofali kutoka chini hadi kwenye paa, ili watu wasitazamane wakinywa chai. Nyumba zao zimeungana ukuta, kama karibu nyumba zote za mtaa wa Hollin Rise, na watu wa huku wakishaungana ukuta hujitahidi sana wasionane kwingine. Pauline aliuona ukuta ukipanda kando ya dirisha la jiko lake, akasema ni matofali mazuri. Hakusema zaidi, siku ile wala miaka iliyofuata.

Oktoba ya mwaka 2021 Avril alianguka ngazini akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza, wakamrudisha kwa machela, watu wawili wakampandisha chumbani juu kwa sababu choo kiko juu na hakuna kingine. Hakushuka tena. Mguu ulipona nusu. Aliweza kwenda chooni na kurudi akishika ukuta, lakini ngazi za nyumba zile zimesimama wima na zina kona katikati. Mtu wa viti vya umeme vya kupandia ngazi alikuja na futi yake, akapima, akapima tena, akasema kiti chake hakipiti pale kwenye kona.

Basi Avril akaishi kati ya kitanda na choo. Kitanda kilikuwa dirishani, upande wa nyuma, na chini ya dirisha ndipo lilipokuwa paa la chumba cha vioo. Alikuwa na mkongojo, na akitaka kitu aligonga sakafu: mara moja chai, mara mbili njoo, mara tatu njoo sasa hivi. Geoffrey alikuwa na miaka sabini na sita na alizipanda ngazi zile labda mara ishirini kwa siku.

"Unajua ninachotamani?" Avril alimwambia. Geoffrey mwenyewe ndiye aliyenisimulia. "Natamani nikasirike, nitoke nje, nibamize mlango. Huku juu nikikasirika nageukia ukutani tu."

Siku hiyo hiyo Geoffrey akampigia simu Keith Rushworth. Keith ni mjenzi, na mimi ni saidia fundi wake tangu nilipofika mji huu, huu ni mwaka wa ishirini na moja. Tulienda wote. Keith alizunguka nyuma na futi, akachungulia jikoni, akachora kwenye ubavu wa boksi la misumari. Chumba cha vioo kitoke. Mahali pake kijengwe chumba cha matofali, kirefu kuliko cha zamani kidogo, chenye kitanda, choo, bafu la kusimama na mlango mpana.

"Wiki sita," Keith akasema. "Mama atakuwa chini kabla ya Pasaka."

"Na kibali?" Geoffrey akauliza.

"Kibali cha nini, mzee? Cha kimo hiki siku hizi watu wanajenga tu."

"Nitawaandikia halmashauri. Wanipe kwa maandishi kwamba sihitaji."

Keith akavua kofia, akaivaa tena. "Geoff, ukiwauliza watakujibu. Hilo ndilo tatizo lao."

Lakini Geoffrey hakuwa mtu wa kujenga tu. Katika karakana hakuna basi lililotoka getini bila karatasi yenye sahihi yake, na kwake nyumba ilikuwa vivyo hivyo. Karatasi zake zote alizitunza kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Aliandika barua kwa mkono, kisha akaenda maktaba wakamsaidia kuipeleka kwa kompyuta.

Jibu lilichukua wiki saba, na lilikuwa baya. Mtaa wa Hollin Rise ulipojengwa, mwaka 1968, waliojenga walipewa sharti: nyuma ya nyumba hizi kisiongezwe kitu chochote bila kibali. Sharti hilo bado liko hai. Kwa hiyo Bwana Sugden anahitaji kibali kamili, na atume ramani, na majirani wataandikiwa. Aya ya mwisho iliuliza kwa upole kibali cha chumba cha vioo kilichopo kilitolewa lini, maana wao hawakioni katika kumbukumbu zao.

Hakikuwepo. Mwaka 1994 Geoffrey aliuliza karakanani, wakamwambia chumba cha vioo hakihitaji, akaamini.

Nilimkuta amekaa jikoni na barua ile mbele yake. Nilikwenda kupeleka ramani za Keith. Chai yake ilikuwa imeshapoa.

"Miaka ishirini na minane," akaniambia. "Nimekuwa mvunja sheria miaka ishirini na minane, na nimekaa humo humo nakunywa chai."

Nikamwambia hakuna aliyedhurika.

"Afisa wao atakuja kuangalia. Atakikuta kimesimama pale."

Niliona kinachomsumbua. Halikuwa jambo la kuadhibiwa. Ilikuwa aibu ya mtu aliyekuwa akiwakatalia madereva mabasi yao kwa taa moja iliyoungua.

Keith wakati huo alikuwa Uhispania, na mkewe, wiki mbili. Jumamosi ya kwanza Geoffrey akanipigia akaniomba nije na nyundo kubwa na toroli. Nilipofika alikuwa ameshavaa ovaroli yake ya karakana. Miche ya Avril alikuwa ameipanga barazani kwenye masanduku, na kontena la kifusi lilikuwa limeshushwa mbele ya nyumba.

"Tunakitoa leo," akasema. "Akija afisa akute pasafi. Nianze naye upya, bila kuficha kitu."

Hapa lazima niseme kitu. Nilikuwa nimewahi kufanya kazi na Keith katika mtaa mwingine, nyumba yenye banda la zamani lisilo na kibali, na pale nilimsikia Keith akimweleza mwenye nyumba: kitu kikishasimama miaka mingi bila kulalamikiwa, halmashauri hawawezi tena kukiondoa, na ukitaka kujenga kingine mahali pake, kile cha zamani kinakusaidia. Wanapima kipya kwa kile kilichokuwepo. Ila kiwe kimesimama. Niliyakumbuka maneno hayo, pale pale, nyundo iko mkononi.

"Labda tumngoje Keith," nikasema.

"Keith ataniambia ningoje. Kila mtu ananiambia ningoje. Yule aliye juu anangoja tangu Oktoba."

Ningeweza kusema zaidi. Sikusema. Mimi ni saidia fundi, na yule alikuwa mtu mzima kwenye nyumba yake. Nikapanda ngazi nikaanza kufungua skrubu za paa, na kwa grisi ile ya mwaka 1994 zilitoka kama zimefungwa jana.

Tulikuwa tumeshusha vioo vitatu tuliposikia mkongojo juu. Mara tatu. Geoffrey akapanda mbio kadiri alivyoweza, akarudi anahema.

"Anasema cha nne kina ufa pembeni. Tusikishike kwa kona."

Kilikuwa na ufa kweli. Avril alikuwa amekaa dirishani na shali, anatusimamia. Saa nane tulikuwa tumefika kwenye ukuta wa matofali wa upande wa Pauline. Ulikuwa mgumu kuliko vyote. Ulipolala chini nikaona kitu ambacho sikukifikiria: jua lilipita juu ya kifusi likaingia moja kwa moja kwenye dirisha la jiko la Pauline. Alikuwa kwenye sinki, na vikombe. Akasimama vile vile, mikono majini. Nikageuza uso, maana huku hatutazami ndani ya dirisha la mtu.

Afisa alikuja Mei. Msichana kutoka Wales, jina lake Bethan, ana viatu vya mvua na ubao wa kuandikia. Keith alikuwa amesharudi na ameshasema yake, sitayaandika. Bethan alisimama kwenye sakafu tupu ya zege.

"Chumba cha vioo kiko wapi, Bwana Sugden?"

"Nimekitoa," Geoffrey akasema. "Hakikuwa na kibali. Nilitaka mambo yawe safi kabla hujafika."

Bethan akaandika kitu, akakikata.

"Kingekuwa kimesimama," akasema taratibu, "ningekihesabu. Hakuna ambaye angekigusa tena baada ya muda wote huo. Ningesema chumba kipya hakimzibii jirani zaidi ya alivyokuwa amezibiwa. Sasa hakuna kitu hapa. Inabidi nipime kama kiwanja kitupu."

"Nikikirudisha je? Vioo ninavyo. Na fremu, zina namba."

"Ukikirudisha leo utakuwa umejenga leo, bila kibali."

Geoffrey akauliza tena, kwa maneno mengine, na jibu likawa lile lile. Bethan akachora mstari kwenye ubao wake, kutoka katikati ya dirisha la jiko la Pauline, ukikata kiwanja kwa mshazari. Kila kilichovuka mstari ule kilikuwa kinamnyima jirani mwanga. Chumba cha Avril kilivuka karibu chote. Akamshauri apeleke maombi hata hivyo, labda hali ya mgonjwa itazingatiwa.

Alipokuwa anaondoka aliinua macho dirishani, akampungia Avril mkono. Avril akampungia na mkongojo.

Maombi yakaenda. Tangazo la halmashauri likafungwa kwa vibanio vya kamba ya plastiki kwenye nguzo ya taa mbele ya nyumba, karatasi ya njano ndani ya plastiki: maombi ya kubomoa chumba cha vioo, ingawa kilikuwa kimeshabomolewa, na kujenga chumba cha nyongeza, mwenye pingamizi aandike. Mtaa mzima ulipita kulisoma. Watu ambao mbwa wao hawakuwahi kupendezwa na nguzo ile, wiki hiyo mbwa wao walipendezwa nayo.

Pauline alimwambia Geoffrey kutoka upande wa pili wa uzio, "Mimi sina neno, Geoffrey. Jenga tu, jamani. Mwache Avril ashuke." Na baada ya siku tisa barua yake ya pingamizi ikaonekana kwenye faili. Ilianza kwa neno masikitiko na ikaisha kwa neno hilo.

Yaliyosemwa kati ya Pauline na Avril baada ya hapo nisingeyajua, lau si mimi kuwa pale. Keith alikuwa amenituma nifunge upau wa kushikia kwenye ngazi, angalau Avril apate kushuka vidato vitatu na kurudi, mguu usigande. Nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye kona na bisibisi Pauline alipopita juu yangu na sahani.

"Nimeleta keki ya ndimu," nikamsikia chumbani. "Haijaumuka vizuri."

"Keki zako haziumuki tangu mwaka themanini na tisa, Pauline. Kaa."

Kiti kikalia.

"Nimeandika barua halmashauri."

"Najua. Geoffrey amenisomea. Umeandika vizuri, kama wakili. Ulitumia kamusi?"

"Usinicheke, Avril."

"Nitacheka nini kingine humu?"

"Sikujua," Pauline akasema. "Miaka yote nawasha taa jikoni saa nane mchana, nikasahau ilivyokuwa kabla ya ukuta, nikadhani nyumba ndivyo ilivyo. Mume wangu Derek aliniachia nyumba, nikasema basi ina giza, nitafanyaje. Siku ile walipoangusha ukuta nilikuwa naosha vikombe. Jua likaja mpaka kwenye viganja. Nikaketi. Vikombe sikumaliza mpaka jioni."

"Nilikuona. Kutoka hapa nakuona mpaka mezani. Unakula tosti bila sahani."

"Nitaifuta barua. Kesho."

"Ukiifuta unarudi gizani."

"Na nisipoifuta unabaki hapa."

Nilikuwa nimeacha kukaza skrubu. Sikutaka wajue nipo, na sikuweza kushuka bila kidato cha pili kutoa mlio.

"Kata keki," Avril akasema. "Yule wa ngazini naye mkatie. Anatusikiliza."

Pauline aliifuta barua kweli. Haikusaidia. Bethan alipiga simu mwenyewe kueleza, na Geoffrey akanikariria: sheria hailindi mtu, inalinda dirisha. Bi Illingworth akihama kesho, dirisha linabaki. Septemba maombi yakakataliwa. Wangeweza kuruhusu, kama angetuma upya, chumba cha kina cha mita moja na nusu.

"Mita moja na nusu," Keith akasema. "Hiyo si chumba, Geoff. Hiyo ni kabati lenye paa."

"Choo kinaingia?"

"Choo, sinki na bafu, ukivibana. Kitanda hapana."

Hapo ndipo chumba cha mbele kilipotajwa, ambacho hakuna aliyekitaja mwaka mzima, na kilikuwa pale pale chini muda wote. Huku nyumba ina chumba cha mbele, chenye kochi zuri na kabati la sahani za harusi, na hakikaliwi. Ni cha Krismasi na cha mazishi. Mama yake Geoffrey alilazwa humo kwenye jeneza siku mbili, na baba yake Avril baada yake. Geoffrey alikuwa amewahi kukigusia mara moja, mwezi wa kwanza baada ya Avril kuanguka.

"Waliolala humo wote walitolewa na watu sita," Avril alimjibu. "Mimi nataka kutoka kwa miguu miwili, hata ikiwa mibovu."

Sasa Geoffrey alimwambia tena, na kipande cha ramani mkononi. Choo kitakuwa chini. Kitanda kitakuwa chumba cha mbele. Hakuna njia nyingine, karatasi zimekwisha. Avril alitazama nje, pale palipokuwa na chumba chake, kwa muda mrefu.

"Na Krismasi mtakula wapi?" akauliza. Geoffrey akajua amekubali.

Kibali cha pili kilifika Januari. Tulichimba msingi Februari, mkaguzi akaja kuuangalia, tukajaza, akaja tena. Aprili, mwaka mmoja na nusu tangu apandishwe, tulimshusha. Keith mbele, mimi nyuma, Avril kwenye kiti cha mezani, amefungwa kiunoni kwa mkanda wa gauni la kulalia. Pale kwenye kona tukakwama. Mguu wa kiti uliingia kwenye upau nilioufunga mimi mwenyewe.

"Inueni, mgeuze kushoto," Geoffrey akasema kutoka chini. "Kushoto kwenu. Kushoto kwake."

"Geoffrey," Avril akasema, macho yamefumbwa, "nyamaza, mpenzi. Mimi si gia boksi."

Tukasimama hivyo kama dakika tano, hatupandi hatushuki, mpaka Keith alipong'oa upau kwa mkono mmoja. Alipofika chini hakutaka kwenda chumba cha mbele. Tukampitisha jikoni mpaka nje, tukamweka kwenye ile zege iliyobaki, kando ya kabati letu la mita moja na nusu. Palikuwa na jua. Pauline alikuwa dirishani kwake, akainua kikombe. Avril akanyanyua mkono mtupu, kama mwenye kikombe. Alikaa pale mpaka manyunyu yakaanza, kisha akasema haya, nipelekeni.

Kitanda kimewekwa chini ya dirisha la mbele. Choo anakwenda mwenyewe, kwa mkongojo, na alishabamiza mlango mara kadhaa. Lakini bustani haioni. Jikoni kwa Pauline haoni. Anaona barabara, kontena la jirani wa ng'ambo, na nguzo ya taa, na kwenye nguzo lile tangazo la njano, la maombi ya kwanza, ambalo halmashauri walilisahau. Lilikuwa limekaa hapo karibu mwaka. Kila asubuhi akifungua pazia anasoma: maombi ya kubomoa chumba cha vioo.

"Litoe, Geoffrey," alimwambia. "Vibanio viwili tu. Una mkasi."

"Si letu, mpenzi. Ni mali ya halmashauri. Nimewaandikia kuomba ruhusa."

Alikuwa amewaandikia kweli. Nakala ilikuwa kwenye kopo la biskuti.

Mimi hupita Hollin Rise asubuhi nikienda kazini. Wiki iliyopita nilipita nikiwa na koleo dogo la kukatia waya mfukoni. Nikakata vibanio viwili, nikakunja karatasi na plastiki yake, nikaendelea na safari. Sikumwambia mtu. Nilipogeuka kwenye kona niliona pazia la chumba cha mbele limefunguka, na mkongojo umeinuliwa kidogo kwenye kioo.

Ijumaa Geoffrey alinikuta kwenye gari la Keith, ana wasiwasi.

"Kuna mtu ameiba tangazo la halmashauri," akasema. "Itabidi niwaandikie."